Niliyoyasema Kichwa Kikiwa Wazi

Hauumi. Nakwambia kabla hujaniuliza, maana najua utaniuliza, na kabla ya kuuliza utazungukazunguka, mara mvua, mara wajukuu hawajambo. Ubongo wenyewe ukiguswa hauumi. Ngozi ya kichwa inauma, sindano ya ganzi inauma, kulalia ubavu mmoja mpaka sikio linakufa kunauma, na mke mwenzio akikutazama unavyolishwa uji, hapo panauma zaidi. Lakini ubongo waliushika na miye nazungumza nao, sikusikia kitu. Haya, hilo limekwisha. Sasa kaa vizuri.

Sista mmoja wa wodini kule Dar es Salaam ndiye aliyeniomba niseme. Anasema watu wenye uvimbe kichwani wanaingia kila siku, wanataka kumsikia mtu aliyepita huko akatoka. Kuandika sijui, shule nimeiona kwa nje tu. Kiswahili nilikipata Unguja, nilikolelewa na mama mdogo kabla sijarudishwa kwetu Mutsamudu, kisiwani Anjouan, kuolewa. Basi nasema mimi, anaandika yeye, na nimemwambia asininyooshee maneno yangu. Mambo ya dawa na majina ya ugonjwa kawaulize wenyewe. Miye nakwambia yaliyonipata.

Mimi ni Zalifa. Kwetu Mutsamudu, katika mji ule wa mawe, vichochoro vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja ageuke ubavu, wananijua kwa jambo moja: naiga watu. Nialike harusini, niketishe mkekani na shiromani yangu, ile nguo yetu nyekundu na nyeupe tunayojifunika, nitakutolea imamu mwenye mafua. Nitakutolea karani wa forodha anayemsemesha mbuzi Kifaransa. Mama mkwe anayesifu chakula huku anakisukumia pembeni, naye ninaye. Watu wanalia kwa kucheka, na kwetu ukiwafurahisha watu wanakuja kukutunza, wanakubandika noti kipajini.

Sasa ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani. Uani wanawake wamejaa, nyuso za njano kwa msindanu, ule unga wa msandali tunaojipaka, miye niko kati na karani wangu wa forodha. Ghafla mdomo ukavutwa upande wa kulia. Mkono wa kulia ukaanza kucheza peke yake. Nataka kusema, shikeni mkono huu, inatoka ba, ba, ba. Unajua walifanya nini? Walicheka. Pale mtaani yuko mzee mmoja aliyepooza, mdomo umekwenda upande na mkono unamtetemeka, basi wakadhani nimemwacha karani nimeingia kwa mzee. "Huyo ndiye kabisa, mtazameni hata mkono." Mwingine, "Zalifa, utakwenda motoni wewe." Akaja mmoja kaniwekea noti kipajini, na kwa jasho lililokuwepo ilinata vizuri.

Mimi maneno nayaona. Yako palepale, kama vyombo kwenye kabati, lakini mkono wa kuyachukua haupo. Kadiri ninavyohangaika ndivyo wanavyopiga makofi. Binti yangu Sitina ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Anamjua mama yake. Mama yake anaweza kumwiga mtu mpaka kukohoa kwake, lakini hawezi kumwiga kwa kujikojolea mbele za watu.

Baada ya dakika chache maneno yakarudi. La kwanza nililosema ni kwamba noti ni yangu, asiichukue mtu.

Ikaja tena, na tena. Wakaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, nikanywa. Nikanywa na vidonge vya hospitali pia, sikumbagua mtu. Daktari wa pale mjini akanichezesha vidole, akanimulika macho, akasema kinatakiwa kipimo cha picha ya kichwa, na hapa hakipo. Hata Moroni, mji mkuu, hakipo. Ni kuvuka bahari.

Ndipo alipokuja mume wangu, Bwana Hamadi. Huyu ni mtu wa Moroni, mfanyabiashara wa vitambaa, na hata kama anaomba maji ya kunywa anazungumza kama yuko mbele ya wazee wa mji. Anasafisha koo kwanza. "Kwa hakika, enyi watu wa nyumba hii, jambo limetufika." Huyo ndiye Hamadi. Moroni ana mke mwingine, Mwanaesha, aliyemwoa kabla yangu, kwa ile harusi yao kubwa ya kisiwa chao cha Ngazija. Na kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Baba yako anakujengea, mume anaingia na sanduku lake la nguo. Kwa hivyo Hamadi ana wake wawili kwenye visiwa viwili na hana hata mlango mmoja. Kila anakokwenda anabisha hodi.

Wakati wenyewe nao ulikuwa mbaya. Anjouan imegombana na Moroni, kisiwa chetu kinasema kinajitawala, wakubwa hawasalimiani. Tukaenda Ouani kwenye uwanja wa ndege. Askari akaniuliza, kifua mbele, "Bibi, unakwenda kwa adui kufanya nini?" Nikamjibu kwa sauti yake hiyohiyo, "Nakwenda kupigwa picha." Wenzake walicheka, akanipisha. Sitina akabaki na watoto wake, anifuate wiki inayofuata. Wiki inayofuata uwanja ukafungwa.

Dar es Salaam nakumbuka mabenchi. Ukumbi wa kusubiri watu wote wanatazama mlango mmoja. Nilikuwa nawasoma mmoja mmoja, yule atanipa sauti nzuri, yule hana kitu. Kisha wakaniingiza kwenye bomba. Utalala chali, watakufungia kichwa kama yai kwenye trei, watakwambia usitikisike. Halafu kinaanza: daga daga daga, tii, tii, tii, ngrrr. Kama mafundi wanagonga mabati juu ya kitanda chako. Ukiogopa funga macho kabla hujaingizwa, usiyafungue mpaka wakutoe. Miye nilikuwa nakiiga kimoyomoyo, na muda ukaenda.

Daktari alikuwa kijana wa Dar, mpole, na kila anachosema anakifungia kwa "sawa". "Bibi, uvimbe upo, sawa. Uko kushoto, sawa. Na hapo jirani ndipo panapopita usemi, sawa."

Nikamwambia, "Mwanangu, hapo sijaona sawa hata moja."

Akacheka, akavuta kiti. Akaniambia ubongo kwa juu ni kijivu, ndani ni mweupe. Ule weupe ni nyuzi, maelfu kwa maelfu. Pale juu panafikiri, na nyuzi nyeupe ndizo zinazopeleka habari, kutoka kwenye kusikia mpaka kwenye kusema. Anataka kujua uvimbe umezifanyaje nyuzi zangu. Picha ile angempelekea mwenzake India, wazichambue kwenye kompyuta wazipake rangi, waone kila uzi unakopita. Nikae nisubiri, na vidonge vya kupunguza maji kichwani. Kwa kuwa nyumbani hakuendeki, nikangoje Moroni.

Moroni wapi? Hamadi akasafisha koo. Nikajua.

Nyumba ya Mwanaesha iko Magoudjou, mtaa umebanana, mbele ya kila mlango kuna mtu anauza kitu, na teksi zinapiga honi mpaka uani. Yeye ni mwanamke mrefu, anazungumza kwa puani, neno la mwisho analivuta kama anakunja shuka. Na kila anachotaka kusema anaanza na "miye sisemi kitu". Kisha anasema vyote. Alisimama mlangoni kwake, akanitazama, akamtazama Hamadi aliyebeba mizigo.

"Miye sisemi kitu," akasema. "Lakini mwanamke huyu ananiiga kwenye harusi zote za Mutsamudu, nimeletewa habari mpaka hapa. Na leo ndiye mgeni wangu. Ingia, Zalifa, usije ukaangukia barabarani watu wakasema nimekusukuma."

Nikaingia. Hamadi naye akainua mguu kuingia. Akamzuia. "Wewe utalala kwa nani? Zamu ni ya nani?"

Watu wangu, mume akatua mizigo chini. Zamu zake zilikuwa za visiwa viwili, hakuwahi kuwa na wake wawili chini ya bati moja. Akilala kwangu ni nyumba ya mwenzangu. Akilala kwake miye ni mgonjwa ukuta wa pili. Basi muda wote niliokaa Magoudjou mzee mzima, mwenye heshima yake na joho lake la Ijumaa, alikuwa analala kwa dada yake kwenye godoro la watoto. Anakuja asubuhi, anabisha hodi. Sisi wawili ndani tunatazamana. Hicho ndicho kicheko cha kwanza tulichocheka pamoja.

Vile vidonge vilinivimbisha. Uso ukawa duara, shingo ikapotea, na njaa ikanijia nisiyoijua. Namaliza sahani ya mataba, majani yale ya muhogo kwa tui la nazi, natazama sahani ya mwenzangu. "Miye sisemi kitu," anasema Mwanaesha, "lakini uvimbe wa kichwani nasikia, huu wa tumboni nauona." Na anaongeza upawa mwingine. Nywele zikaanza kutoka nikichana, ndevu zikaota kidevuni. Siku nyingine nasahau jina la kijiko. Nasema kile, kile cha kukorogea. Nisikufiche: kufa sikukuogopa sana, watu wangu wengi wako huko. Niliogopa kurudi Mutsamudu bubu, niketishwe pembeni harusini, niletewe sahani, watu wanionee huruma na kupita.

Mitaani watu wa Anjouan tulikuwa tunatazamwa. Jirani mmoja alisema mlangoni kwa sauti nisikie, "Hao wamejitenga, mchele wetu wanautakia nini?" Mwanaesha akatoka na mwiko. "Huyu ni mke mwenzangu. Akitukanwa, wa kumtukana ni mimi." Akarudi jikoni. Sikumshukuru, angekasirika.

Simu ya Mutsamudu ilikuwa inashika na kukatika. Sitina analia, "Mama, nani anakuosha?" Namwambia, adui.

Mvua za kaskazi zilipokuwa zinamalizika, Dar wakaniita. Hamadi akasafisha koo kwamba yeye ndiye atakayenipeleka. Mwanaesha akamkata. "Utamwosha wewe? Utamvua nguo wewe mbele ya wauguzi?" Akafunga nguo zake, tukapanda ndege sisi wake wawili, mume ametubebea mabegi mpaka mlangoni, akabaki.

Daktari akaniwekea picha mbele. Mwanangu, sijapata kuona kitu kama kile, na ni changu. Kichwa changu kimejaa nyuzi za rangi, nyekundu zinakatiza, kijani zinatoka mbele kwenda nyuma, buluu zinapanda. Upande wa kulia zimelala vizuri kama nywele zilizotiwa mafuta. Upande wa kushoto kuna shimo jeusi, na kijani zote zimepinda kulizunguka. Kama watu wetu wakikuta magunia ya karafuu yamewekwa kichochoroni, wanajibanza ukutani wanapita.

"Hizi zimesukumwa tu, hazijakatika," akasema. "Hilo jema, sawa. Lakini hapa, unaona? Hapa zinapotea. Ama uvimbe umezila, ama kuna maji mengi picha haizioni. Picha haiwezi kuniambia, bibi. Wewe ndiye utakayeniambia."

"Miye?"

"Nitakufungua ukiwa macho. Utakuwa unazungumza. Nikigusa mahali maneno yakakwama, najua hapo uzi ni mzima na sikati. Nikikulaza usingizi sitajua nakata nini. Na tukiuacha uvimbe, siku zinakuja utachukua usemi wote wenyewe."

Mwanaesha pembeni akasema, "Miye sisemi kitu, lakini kama kazi yenyewe ni kusema, mmepata mtu."

Walininyoa. Wakanichoma ganzi kichwani, hapo piga dua, maana inauma kweli. Kusaga mfupa utasikia kama jirani anapasua ukuta, usishtuke. Nguo imening'inia mbele, simwoni daktari, namwona sista huyuhuyu anayeandika, ameketi na kadi za picha. "Hii ni nini, bibi?" Paka. "Hii?" Kiti. "Hii?" Mwavuli. Paka tena. Nikachoka. Nikamwuliza, mnataka nizungumze au nitaje vyombo? Sauti ya daktari nyuma ya kichwa: "Zungumza chochote, bibi, usinyamaze tu, sawa?"

Basi nikaanza. Nikamtoa imamu na mafua yake. Nikamtoa karani wa forodha, nikamtoa mbuzi. Nikamtoa askari wa Ouani. Nikamtoa daktari mwenyewe, "Bibi, nimeshika ubongo, sawa, umeanguka chini, sawa." Nasikia vyuma vimesimama, watu wanapumua kwa pua. "Bibi, tafadhali," anasema, "usitucheshe, mikono yangu iko ndani."

Nikaingia kwa Hamadi. "Kwa hakika, enyi madaktari, jambo..." Na hapo likakatika. Neno naliona, mdomo hauna. Kama harusini. Macho yakanitoka machozi, sista akanishika mkono.

"Hapo," daktari akasema taratibu. "Hapo nyuzi zipo. Nimeinua mkono. Rudia, bibi."

"Jambo limetufika," nikamalizia.

"Sawa. Hapo sigusi."

Akaenda hivyo, pembeni anatoa, akifika mahali nikakwama anaondoka. Akaniambia baadaye kipande kidogo amekiacha, kimekumbatiana na nyuzi, na kubaki nacho ni bora kuliko kukitoa na maneno yake.

Kisha nikanyamaza. Hilo ulijue, usije ukafa kwa woga. Kichwa kilivimba, nikakaa siku kadhaa natoa ndiyo na hapana, na mara nyingine zinabadilishana. Mwanaesha ananiuliza unataka maji, nasema hapana nikinyoosha mkono. Akawa anafuata mkono. Ananigeuza, ananiosha, ananipaka mafuta kwenye mshono, anazungumza peke yake puani siku nzima. Maneno yakarudi kidogo kidogo, mazito, kama yanavutwa kutoka kisimani.

Halafu mionzi. Wanakutengenezea kinyago cha plastiki sawasawa na uso wako, wanakibana mezani. Kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Haiumi, inachosha tu, na chakula kinakuwa na ladha ya chuma. Siku ya mwisho wakanirudisha kwenye bomba. Daktari akaniwekea picha mpya jirani na ile ya zamani. Shimo limepungua, na zile nyuzi za kijani zilizokuwa zimejibanza zimerudi kulala mahali pake. Pale palipokuwa hapaonekani pana nyuzi chache, nyembamba. "Njia ipo, bibi," akasema. "Kutembea ni kwako."

Lakini mdomo ulikuwa hautembei. Kusema nasema, naeleweka. Kuiga, hakuna. Namwita Hamadi, anatoka Zalifa. Namwita imamu, Zalifa huyohuyo. Kila mtu anatoka na sauti yangu, bapa.

Tulirudi Moroni kusi limeanza, baridi nzuri. Askari wa Moroni walikuwa wameshavuka kwenda Anjouan, mambo yamekwisha, ndege za Ouani zinaruka. Sitina anapiga simu, "Mama, rudi." Nasema bado. Hamadi, mgongo umeshamwuma kwa lile godoro, anasafisha koo, "Kwa hakika, hali ya hewa ni nzuri kwa safari." Nasema bado. Nitarudi na nini? Wageni wanakuja kunijulia hali, nawajaribia sauti, wanacheka haraka kabla sijamaliza. "Mashallah, umekuwa kama zamani." Macho yao yananiambia mengine. Hamadi nilimwiga mbele yake akapiga makofi, hapo nikajua nimekwisha. Mwanaesha peke yake hakucheka. Alisema, "Huyo ulikuwa unamwiga nani?" Nilimchukia siku nzima, na ndiye peke yake niliyemwamini.

Basi nikawa najizoeza nikiwa peke yangu, huku napepeta mchele. Sauti moja tu, ile iliyokuwa masikioni mwangu asubuhi mpaka jioni.

Asubuhi moja Mwanaesha yuko bafuni. Muuza samaki akabisha, mwanamke anayemletea samaki miaka yote, wanagombana kila siku mlango umerudishwa, huyu ndani yule nje. Nikasikia anaita, "Bi Mwanaesha, leo nina jodari." Nikafungua mdomo.

"Miye sisemi kitu," nikasema, puani, nikalivuta la mwisho, "lakini jodari wako wa juzi alinitazama sahanini kama ananidai."

Nikasikia kapu linatuliwa chini. Kisha yule nje, kwa hasira, "Bi Mwanaesha, kila siku wewe. Samaki wangu ana nini? Huyu kavuliwa alfajiri."

"Alfajiri ya lini? Weka hapo mlangoni, unipe na kichwa, nina mgonjwa ndani anakula kama askari."

"Mgonjwa wako yule wa Anjouan bado yupo tu?"

"Bado yupo," nikasema. "Na ananiiga."

"Kuiga yule? Masikini, ulimi wenyewe si wanasema umekufa. Haya, chukua na kichwa." Akaweka, akaenda zake ananung'unika, nasikia ndala zake mpaka kwenye kona ya mtaa.

Nikageuka. Mwanaesha amesimama mlango wa bafu, kitambaa kichwani, maji yanamtiririka miguuni. Sijui alianza kusikiliza wapi. Alipita mbele yangu, akafungua mlango, akamwinua jodari kwa mkia, akamgeuza huku na huku. Akanitazama.

"Umepona wewe," akasema. "Funga mizigo yako urudi kwako."